Mboga hai nyuma ya nyumba: mwongozo kamili kwa anayeanza, kwa joto na mchanga wa Dar es Salaam

Anayeanza bustani nyumbani hapa Dar mara nyingi huingia duka la pembejeo na kutoka na pakiti mbili: nyanya na pilipili hoho. Miezi miwili baadaye utamsikia akisema ardhi ya Pwani haifai. Ardhi ina dosari zake, ila dosari kubwa ilikuwa kwenye zile pakiti. Mchicha, matembele, bamia, mnavu na majani ya kunde yamezoea joto hili, hayasumbuliwi sana na magonjwa, na ndiyo yanayopikwa nyumbani siku nyingi za wiki. Mwongozo huu umejengwa juu ya hayo. Nyanya nayo imo, lakini imekaa nyuma kwenye foleni.

Kilimo hai maana yake ni kulima bila mbolea wala viuatilifu vya viwandani, huku ukiulisha udongo ili udongo nao uulishe mmea. Nchi za Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja tangu 2007, na bidhaa zilizothibitishwa hubeba alama ya Kilimohai. Kwa mboga za kula mwenyewe huhitaji cheti. Lakini jua kwamba kuacha dawa peke yake hakutoshi. Utafiti uliochapishwa 1999 ulipima mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi na kukuta metali nzito, zikiwemo risasi na kadimiamu. Mboga ya namna hiyo hata isiponyunyiziwa chochote, bado si mboga ya kumpa mtoto. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua udongo na maji yako yametoka wapi.

1. Mahali

Tafuta sehemu inayopata jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi. Zunguka uani asubuhi, mchana na saa kumi jioni uone kivuli cha ukuta na cha mwembe kinafika wapi. Mboga za majani huvumilia kivuli kidogo cha alasiri, na miezi ya Januari na Februari hata hushukuru. Bamia haitaki kivuli kabisa.

Kaa mbali na chemba na shimo la maji machafu, mbali na pale gari linapomwagiwa oili, na mbali na sehemu ya zamani ya kuchomea takataka. Majivu ya plastiki na betri hayaondoki kwa mvua moja. Kama uwanja wako wote una historia ya namna hiyo, usihangaike nao; nenda kwenye viroba, nitavieleza mbele.

Sogea karibu na jiko na bomba. Bustani iliyo mbali na macho husahaulika, na siku mbili za kusahau katika jua la Januari zinatosha kuua miche yote.

Halafu kuna kuku, wako au wa jirani. Hakuna mdudu anayeweza kumaliza tuta la mchicha kwa robo saa kama kuku watatu wanavyoweza. Uzio wa wavu, fito au makuti uwe tayari kabla ya mbegu. Watu wengi hufanya kinyume, kisha wanagombana na jirani.

Ukubwa? Matuta mawili, kila moja upana wa meta 1 na urefu wa meta 3. Basi. Ukiyamudu kwa msimu mmoja, ongeza.

2. Ujue udongo wako

Lowesha udongo kidogo, ufinye mkononi. Ukimwagika mara tu unapofungua vidole, ni kichanga, na sehemu kubwa ya Dar iko hivyo. Ukikunjika kama utambi bila kukatika, ni mfinyanzi. Ukishikana kisha ukavunjika kwa kuguswa, ni tifutifu, na umebahatika.

Kichanga ni rahisi kulima na hakituamishi maji, ila hakishiki maji wala rutuba. Ukimwaga ndoo leo, kesho imeshuka chini ya mizizi pamoja na virutubisho. Dawa yake ni mboji, na mboji nyingi. Ajabu ni kwamba dawa ya mfinyanzi nayo ni hiyohiyo, maana mboji huufungua ukapitisha hewa. Ndiyo sababu hatua inayofuata huchukua muda mrefu.

3. Mboji, miezi mitatu kabla ya kupanda

Chagua kona yenye kivuli. Lundo liwe na upana, urefu na kimo cha karibu meta 1 kila upande. Likiwa dogo zaidi halipati joto. Chini kabisa weka vijiti na mabua ili hewa ipite. Juu yake panga tabaka kwa tabaka:

- vitu vikavu, kiasi cha sentimita 20: majani makavu, nyasi kavu, maranda kidogo, maboksi yaliyochanwa;
- vitu vibichi, sentimita 7 hadi 10: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya mboga, nyasi mbichi, majani ya mlusina (mti wa Leucaena);
- samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, sentimita 3 hivi;
- udongo wa kunyunyiza tu juu, kisha maji.

Rudia mpaka lundo lifike kimo, ulifunike kwa majani ya mgomba au makuti. Unyevu wake uwe kama wa nguo iliyokamuliwa: ukifinya, itoke tone moja au mawili.

Usiweke nyama, samaki wala mafuta, maana yataita panya. Usiweke kinyesi cha mbwa au paka, kwa sababu ya minyoo. Na usiweke gugu la ndago. Ndago haifi ndani ya mboji, inasafiri nayo. Utaikuta imeota kwenye matuta yote mawili.

Chomeka fimbo ndefu katikati ya lundo. Baada ya siku tatu au nne ichomoe uishike. Ikiwa ya moto, wadudu wasioonekana wanafanya kazi yao. Lundo zuri hupita nyuzi 55 za sentigredi, joto linaloua vimelea vingi na mbegu za magugu. Ikiwa ya baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa ya baridi na imelowa, pindua na uongeze vitu vikavu. Harufu kali ya kuchoma pua maana yake vitu vibichi au samadi vimezidi. Harufu ya yai viza maana yake hewa haipiti.

Pindua kila baada ya wiki tatu, cha nje kiingie ndani. Baada ya miezi mitatu hivi utapata kitu cheusi, chepesi, kinachonukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza.

Neno kuhusu samadi ya kuku, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kirahisi mjini kwa wafugaji wa kuku wa nyama. Ina naitrojeni nyingi na ikiwa mbichi huunguza miche. Ilundike, uiloweshe, uifunike miezi miwili au mitatu, au uipitishe kwenye mboji. Samadi mbichi ya aina yoyote ina vimelea pia. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 zipite kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mboga inayogusana na udongo. Mchicha hukaa wiki nne tu, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: samadi mbichi haiingii kwenye tuta la mchicha, kamwe.

4. Matuta, au viroba

Lima kwa kina cha sentimita 30, toa mizizi ya ndago kwa mkono, kisha changanya mboji: ndoo mbili za lita 20 kwa kila meta moja ya mraba. Najua ni nyingi. Kwenye kichanga, ndoo moja haionekani.

Umbo la tuta lifuate msimu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, tuta liinuliwe sentimita 20 ili maji yasituame. Miezi ya ukavu fanya kinyume: uso wa tuta uwe chini kidogo ya njia, na kingo zake ziinuke, ili kila tone libaki ndani. Wengi huinua matuta mwaka mzima kwa mazoea, halafu wanalalamika kwamba maji hayatoshi. Upana wa meta 1 unakuwezesha kufika katikati kutoka pande zote mbili. Ndani ya tuta usikanyage.

Asiye na uwanja atumie kiroba cha kilo 50. Njia hii imelisha familia nyingi za Kibera, Nairobi. Changanya sehemu mbili za udongo safi na sehemu moja ya mboji. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga lililoondolewa kitako, lisimamishe katikati ya kiroba na ulijaze kokoto. Zungushia udongo, vuta kopo juu, jaza tena kokoto, endelea hivyo mpaka juu. Ile nguzo ya kokoto ndiyo bomba lako: maji ukiyamwaga juu yanafika chini. Toboa matundu ubavuni kwa umbali wa sentimita 20, yapishane, uchomeke miche ya sukuma wiki, spinachi au mnavu. Juu kabisa panda vitunguu vya majani. Jua hula viroba vya plastiki, kwa hiyo tarajia kukibadilisha baada ya msimu mmoja au miwili.

5. Cha kupanda, na lini

Mwezi mzuri kwa anayeanza ni Juni. Masika yameisha, ardhi ina unyevu, joto limeshuka. Mboji ya kupandia Juni hulundikwa Machi. Ukikosa Juni, lenga mwanzo wa vuli, Oktoba. Januari na Februari nakushauri uandae udongo tu.

*Mchicha.* Huu ndio mwalimu. Kijiko kimoja cha chai cha mbegu kinatosha tuta zima la meta 3. Changanya na viganja viwili vya mchanga mkavu ili usimwage zote mahali pamoja, sia kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, funika kwa udongo mwembamba usiozidi sentimita 1. Zungushia majivu makavu, kwa sababu sisimizi hubeba mbegu hizi usiku kucha. Utaota ndani ya siku tatu hadi tano. Ukifika kimo cha kidole, punguzia. Iliyopunguzwa ni mboga tayari. Wiki ya tatu hadi ya nne unavuna. Usisie tuta zima kwa siku moja: sia theluthi, baada ya wiki moja na nusu theluthi nyingine, vinginevyo utakula mchicha siku kumi mfululizo kisha ukae mwezi bila. Kituo cha World Vegetable Center kilichopo Arusha kimefanya kazi kubwa ya kuboresha mboga za asili. Ukikuta aina ya Madiira dukani, ni mchicha wenye majani mapana na mavuno mazuri.

*Matembele.* Omba marando kwa jirani. Kata vipande vya sentimita 25, fukia nusu vikiwa vimelala. Baada ya wiki tano au sita unaanza kuchuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyotoa matawi. Kama una sehemu moja tu, panda hii.

*Bamia.* Loweka mbegu usiku mmoja. Panda mbilimbili kwa shimo, sentimita 30 kati ya mashimo na 60 kati ya mistari, kisha acha mche mmoja. Matunda huanza kati ya siku 45 na 60. Chuma kila baada ya siku mbili yakiwa na urefu wa kidole. Ukiyaacha yatakuwa kamba.

*Mnavu na sukuma wiki* huanzia kitaluni. Sia kwenye trei au beseni lililotobolewa, chini ya kivuli chepesi, na hamishia tuta baada ya wiki nne, jioni, si asubuhi. Mnavu upe sentimita 30, sukuma 45. Sukuma wiki hufurahia Nairobi na Arusha kuliko hapa. Dar hutoka vizuri Juni hadi Septemba, kisha joto huikunja.

Kando ya uzio panda mlonge na kisamvu cha mpira. Hivi havihitaji tuta. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe vizuri, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi.

*Nyanya* iingie msimu wa pili, Juni, kwa miche michache iliyofungwa kwenye fito. Chagua aina zisizo chotara kama Tanya au Tengeru 97 ili uweze kuhifadhi mbegu. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata shina uliloweke kwenye glasi ya maji safi: uzi mweupe kama maziwa ukichuruzika, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, choma, na usipande nyanya, mnavu wala bilinganya hapo kwa miaka kadhaa. Kuna pia kantangaze, yule kiwavi anayechimba njia ndani ya jani na tunda, aliyeingia nchini miaka ya 2010. Kama unachotaka ni tunda la kupikia tu, nyanya chungu itakupa amani zaidi.

Mbegu za dukani zenye rangi kali, ya waridi au bluu, zimepakwa dawa. Omba zisizopakwa, na usiwape watoto kazi ya kupanda hizo za rangi.

6. Maji na matandazo

Kipindi cha joto tuta hupoteza lita 5 hadi 6 kwa kila meta ya mraba kwa siku. Tuta la meta 3 za mraba linahitaji karibu ndoo moja ya lita 20. Mwagilia asubuhi mapema. Jioni pia inafaa, ila majani yakilala yamelowa ukungu hupata nafasi. Elekeza maji kwenye udongo.

Onja maji ya kisima. Yakiwa na chumvi ya kuhisika, achana na maharage, maana hayo hufa mapema, na upande spinachi, ambayo huvumilia chumvi kuliko mboga nyingi. Mvua zikija, acha zisafishe chumvi kwenye tuta, usilifunike.

Kisha tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5, miche ikishapita kimo cha kiganja. Udongo unabaki wa baridi, magugu yanapungua, na ndoo yako inafika mbali. Acha nafasi kidogo kuzunguka shina.

7. Chakula cha katikati ya msimu

Majani ya chini yakianza kuwa njano, mboji imepungua nguvu. Jaza nusu mfuko kwa samadi iliyoiva au majani ya mlusina yaliyokatwakatwa, uning'inize ndani ya pipa la maji, funika, koroga kila baada ya siku chache kwa wiki mbili. Kopo moja la maji hayo lichanganywe na makopo matatu ya maji safi, limwagwe chini ya mmea. Si juu ya majani utakayokula.

8. Wadudu

Dawa ya kwanza ni macho yako saa kumi na mbili asubuhi. Geuza majani. Viwavi wanaokunja majani ya mchicha waokote kwa mkono; tuta la meta 3 ni kazi ya dakika tano. Mche uliokatwa shingoni usiku ni kazi ya sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua udongo kuuzunguka utamkuta amejikunja, na iliyobaki zungushia majivu.

Wadudu mafuta, wale wadogo wanaojazana chini ya jani la bamia na kunde, wapigwe kwa maji ya nguvu. Wakirudi, tumia maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, uwafikie wenyewe, kisha suuza baada ya saa chache. Ukiona wadudu kobe wenye madoa wakitembea humo, weka bomba chini. Wanakula wadudu mafuta kwa bidii kuliko wewe.

Mwarobaini hutumiwa vibaya kuliko dawa yoyote ninayoijua. Nguvu kubwa iko kwenye kokwa, si kwenye jani. Twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kavu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, unyunyize jioni. Jua huuvunjavunja upesi, kwa hiyo ukinyunyiza asubuhi umepoteza kazi. Hauui papo hapo. Mdudu huacha kula na kushindwa kukua. Rudia baada ya wiki moja. Ukiwa na majani tu, kilo moja kwa lita 5 za maji itasaidia kiasi.

Maji ya tumbaku utashauriwa sana. Usitumie. Nikotini ni sumu inayopenya ngozi, na tumbaku inaweza kuleta virusi kwenye nyanya.

Adui usiyemwona ni minyoo fundo, na kichanga ndiyo makazi yake. Mmea unadumaa na kunyauka mchana ingawa una maji. Ung'oe, utaona vinundu kwenye mizizi. Mizizi hiyo usiitupe kwenye mboji, ikaushe juani uichome. Tuta hilo lipe vitunguu au mahindi msimu unaofuata. Njia nyingine inafaa sana hapa: Januari lowesha tuta, lifunike kwa nailoni angavu, bana kingo kwa udongo, uliache wiki nne hadi sita. Jua la Dar litafanya kazi usiyoweza kuinunua.

9. Kuvuna na kubakiza mbegu

Vuna asubuhi kabla jua halijakaza. Mchicha unaweza kuung'oa, au kuukata sentimita 10 juu ya udongo ili uchipue tena mara mbili au tatu. Sukuma na spinachi chuma majani ya nje, bakiza matano au sita ya katikati. Tuta likiisha, usirudishe mboga ileile: baada ya majani panda kunde, ambazo mizizi yake huongeza naitrojeni, kisha bamia.

Acha mimea minne au mitano ya mchicha iliyo bora, si ile iliyobaki, itoe maua na kukomaa. Masuke yakianza kupukutisha yakate, yaanike kivulini juu ya kanga, yafikiche, upepete. Bamia iache ikauke palepale mpaka ganda lipasuke. Weka mbegu kwenye chupa kavu pamoja na majivu kidogo, andika jina na mwezi. Mbegu ya mchicha iliyokauka vizuri huota hata baada ya miaka kadhaa. Ya kitunguu, ikishapita mwaka mmoja, nunua nyingine.